Tiketi ya Kilo Kumi na Mbili

Saa moja na nusu asubuhi mpima mizani alifungua kibanda chake, akafuta vumbi juu ya mashine, akatoka nje na kusimama kwenye bamba la chuma kuona kama mizani iko sawasawa. Kilo sitini na tatu. Akashuka, ikarudi sifuri. Akapanda tena. Sitini na tatu. Alifanya hivyo mara sita, ingawa siku zote mara moja humtosha, kisha akaingia ndani akachemsha chai ambayo hakuinywa.

Malori yote yalikuwa yamezuiwa chini ya mlima mpaka mbio za baiskeli zipite. Kituo chake kiko kona ya tisa, penye mwinuko mkali kuliko kona zote, na njia kuu ya hapo imefungwa kwa matengenezo huu mwaka wa sita. Matengenezo yenyewe ni mapipa mawili na utepe. Kwa hiyo kila mwaka waendesha baiskeli hupitishwa pembeni, juu ya bamba la mizani, mmoja nyuma ya mwingine kwa vile njia ni nyembamba, na mashine, ambayo haibagui lori wala baiskeli, humpima kila mmoja na kumtolea tiketi yenye saa na uzito. Siku za kawaida haijisumbui na kitu kilicho chini ya kilo ishirini. Siku ya mbio husoma kilo moja moja. Fundi aliyeletwa kuikagua aliandika kwenye ripoti kwamba hiyo ni tabia yake, akatia sahihi, akaenda zake.

Ndivyo mpima mizani alivyopata kujua kwa tarakimu jambo ambalo wengine walilijua kwa macho tu.

Bingwa wa mbio hizo mashabiki walimwita Kishada. Kila alipopigiwa kelele alipungua uzito. Kelele za kona ya kwanza zilimwondolea kilo kadhaa, za kona ya pili vivyo hivyo, na akifika juu mlimani huwa mwepesi hata fundi wa timu humfunga viatu kwenye pedali kwa kamba, na kwenye jukwaa la zawadi watu wawili humshika mikono ya fulana mpaka picha ziishe. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu akipendwa na umati namna ile, walisema, ataachaje kuwa mwepesi? Magazeti yalikiita kipaji.

Ambacho magazeti hayakuuliza ni kilo hizo huenda wapi. Mpima mizani hakuhitaji kuuliza. Miaka kumi na tisa ya kupima malori ilikuwa imemfundisha kwamba mzigo haupotei. Ukiukosa kwenye tairi za mbele, tazama za nyuma. Na nyuma ya Kishada, gurudumu kwa gurudumu, alikuwapo siku zote mdogo wake mpima mizani mwenyewe, wa tumbo moja.

Kazi ya mdogo wake ilikuwa kubeba maji. Alimchukulia bingwa chupa kutoka gari la timu, alimkinga upepo, na bingwa akipata pancha alimvulia gurudumu lake mwenyewe na kubaki kando ya barabara akisubiri. Nyumbani walimwita Njiti tangu utotoni kwa wembamba wake, na mwembamba alibaki. Yeye na baiskeli yake ni kilo sabini na saba. Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo alipita juu ya mizani na kilo mia moja na moja. Mwaka wa pili, mia moja kumi na saba. Mwaka jana, mia moja ishirini na tisa, na alikopita lami ilibaki na mfereji mwembamba ambao sasa maji ya mvua huufuata.

"Dada, usijali, zinashuka zenyewe," alimwambia mwaka jana, akiwa ameketi sakafuni sebuleni kwake kwa sababu kiti kilikuwa kimevunjika na kitanda kikafuata. Kweli zilishuka, kwa siku nne, lakini si zote. Chache zilibaki magotini, na nyingine, kwa maneno ya daktari, zilikuwa zimehamia kifuani. Daktari huyo hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alisema moyo umeumbiwa mwili mmoja, na kwamba mlima mmoja zaidi wa namna ile ungeweza kuwa wa mwisho.

"Acha hiyo kazi," dada alimsihi.

"Nikiacha nifanye nini? Kubeba ndiyo kazi ninayoijua."

Mpima mizani alipeleka nakala za tiketi zote tatu ofisi kuu, pamoja na barua. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: sheria ya uzito barabarani haihusu baiskeli. Alilibandika ukutani, karibu na kalenda, na mwaka ukazunguka.

Sasa siku ilikuwa imefika, na mashabiki walikuwa wamepiga kambi kona ya tisa tangu jana yake. Walileta mahema, viti vya kukunja, redio, na ubishi. Mtu mmoja alivaa shela ya bibi harusi na viatu vya mpira, kwa kuwa mwaka mmoja alivaa hivyo na Kishada akashinda, na tangu hapo mkewe amekoma kuidai shela yake. Wengine walikuwa wamepiga magoti wakipaka jina la Kishada kwenye lami kwa rangi nyeupe, juu ya rangi ya mwaka jana, juu ya ile ya mwaka juzi, hata herufi zilikuwa zimenenepa kama kidole gumba. Walikuwa wanasubiri saa thelathini ili wamwone mtu kwa sekunde tisa. Ukiwauliza kwa nini, wanakucheka.

Mpima mizani hakukaa akakalika. Aliingia, alitoka, alifagia bamba lililokwisha kufagiwa, alizunguka kibanda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu akajipa moyo akamwendea kinyozi.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kona, ingawa hakuna aliyempigia kura. Kila mwaka alifunga duka lake la kunyolea siku tatu, akapanda mlimani na kipaza sauti cha betri, na pale kona ya tisa hakukuwa na jina lililopigwa kelele bila yeye kulianzisha. Mpima mizani alikuwa na jambo lake moja. Mwaka juzi, kona ya saba, walevi wa kona nzima walikosea mtu wakamshangilia mbeba maji wa timu nyingine, naye akapita kwenye mizani na kilo hamsini tu, akitabasamu peke yake. Kumbe dawa ilikuwa ni kutajwa. Kilo za yule mbeba maji zilimwendea nani, siku ile hakuangalia.

"Bwana mwenyekiti," alisema, "leo naomba mumtaje na Njiti."

"Njiti ndiye nani?"

"Anayefuata nyuma ya Kishada."

Kinyozi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nyuma ya Kishada kuna mtu?"

Mpima mizani hakubishana naye. Alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo, akauning'iniza kidoleni. Ulikuwa ufunguo wa choo cha kituo, na kati ya kona ya tano na kilele hakukuwa na choo kingine. Kinyozi aliutazama ufunguo. Akawatazama watu mia nne waliokuwa wakinywa chai tangu jana. Vichaka vya kona ya tisa ni vifupi, na mteremko wake hauna siri.

"Njiti," alisema polepole, akilionja jina ulimini. "Jina zuri. Fupi. Linapigika." Akapokea ufunguo.

Kufikia saa tano foleni ya choo ilikuwa imekizunguka kibanda mara mbili, na mpima mizani alisikia, kwa masikio yake, watu wakilifanyia mazoezi jina la mdogo wake huku wakisubiri zamu. Nji-ti! Nji-ti! Mtu wa shela alilipigia makofi. Moyo wake ulifurahi furaha ya wasiwasi, ile inayokufanya uangalie saa kila dakika. Akatoka tena kupima kama mizani iko sawa. Sitini na tatu.

Aliporudi alimkuta mwanamke dirishani, amekumbatia kipande cha boksi kifuani kama mtu aliyebeba sinia. Alipofungua mdomo, sauti haikutoka, ulitoka mkwaruzo.

"Samahani dada. Sauti imenikauka. Mimi huuza ndala sokoni, sauti ndiyo duka langu, lakini siku tano hizi nimeyafuata haya mashindano kwa mabasi, kila mahali napiga kelele peke yangu. Peke yako haisaidii. Kelele ya mtu mmoja haifiki hata robo kilo."

Akageuza boksi. Lilikuwa limeandikwa kwa makaa, herufi kubwa: BABA PACHA.

"Ni mume wangu. Namba mia moja sitini na nne. Pacha wetu nimewaacha kwa bibi yao. Mwaka huu ndiyo wamemweka timu ya Kishada, na yeye hupanda nyuma ya yule anayepanda nyuma ya Kishada." Alimeza mate kwa taabu. "Nimesikia wewe unaelewana na huyo mwenye kipaza sauti. Nisemee. Wamtaje mara moja tu. Ana magoti mabovu, dada, na umri umeenda."

Mpima mizani alilitazama lile boksi. Nyuma ya yule anayepanda nyuma ya Kishada. Miaka kumi na tisa ya tairi za mbele na za nyuma ilimpitia kichwani kwa mpigo mmoja.

"Nitamwambia," alijibu, haraka kuliko alivyofikiri.

Mwanamke akamwachia chungwa dirishani, akaenda kutafuta mahali pa kusimama. Alikuwa mfupi, na nafasi zote za mbele zilikuwa zimeshakaliwa tangu jana.

Mpima mizani alikwenda kweli. Hilo lisemwe kwa haki yake. Alimkuta kinyozi akipanga watu, wenye mapafu mazuri mwanzoni mwa kona, watoto na wavuta sigara mwishoni.

"Kuna wa tatu," alimwambia. "Baba Pacha."

Kinyozi alitikisa kichwa. "Haiwezekani, mama. Wanapita wamefuatana kama shanga. Majina mawili watu wanayaweza. La tatu pumzi zitawaishia njiani, yote matatu yapigwe nusu nusu, na hapo hata Kishada wangu atapita mzito. La Kishada siligusi. La pili ni lako. Ufunguo ni wako. Chagua, Njiti au huyo mwingine."

Juu ya mlima helikopta ilikuwa imeanza kusikika. Watu walikuwa wanasimama, wanakunja viti, wanarudisha watoto nyuma ya kamba. Kutoka pale alipokuwa, mpima mizani aliona kona moja ya boksi ikiinuliwa juu ya vichwa, ikashuka, ikainuliwa tena mahali pengine.

"Ni Njiti," alisema.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema kinyozi, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba mvua itanyesha, akawasha kipaza sauti.

Mpima mizani alirudi kibandani mbio. Aliketi, akasimama, akaketi. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya taa, ile anayobonyeza lori likizidi uzito, akauondoa, ukarudi. Pikipiki za polisi zilipita kwanza, mashine ikazitolea tiketi. Kisha gari la waamuzi. Kisha mlio mmoja mkubwa ulipanda kutoka chini, kona ya nane, ukawa kama unasukuma kitu mbele yake, na Kishada akatokea.

Hakuwa anaendesha sana. Gurudumu la mbele liligusa lami, likaacha, likagusa. Kona nzima ililipuka kwa jina lake, mtu wa shela alikimbia kando yake akipepea kitambaa, na alipofika juu ya bamba mashine ilikoroma kidogo ikatoa tiketi: kilo tisa.

"Njiti!" kinyozi alinguruma. Na watu mia nne, wote waliokuwa wametumia choo cha serikali bure, wakaitikia kwa shukrani ya kweli.

Mdogo wake alikuwa amekuja ameinama, macho kwenye gurudumu la Kishada, midomo wazi. Aliposikia, aligeuka nyuma kuona anaitwa nani. Wakaita tena. Akatazama pembeni, akaona vinywa vyote vimemwelekea yeye, na mgongo wake ukaanza kunyooka, pingili moja moja, kama mtu anayeamka. Alipopanda kwenye bamba hakukuwa na mlio wowote. Aligeuza uso kuelekea dirisha la kibanda, akamwona dada yake, akacheka. Hakuwa amemchekea hivyo tangu wakiwa watoto wawili juu ya baiskeli moja isiyo na breki. Mpima mizani alilia, na hakuona haya kulia. Tiketi ilitoka: kilo kumi na mbili.

Alikuwa bado anaishika aliposikia bamba likiguna.

Wa tatu alikuwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini, ndevu zimeanza kuingia mvi, namba mia moja sitini na nne mgongoni. Magurudumu yake yalikuwa yanazama katika rangi ya jina la Kishada na kutoka na vipande vyake. Hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa tayari wamegeukia redio kusikia ya mbele, na wengine walikuwa wanawahi foleni ya choo. Kinyozi alikuwa anakunywa maji. Kutoka nyuma ya umati, mahali fulani, ulisikika mkwaruzo mmoja mdogo uliorudiwarudiwa, na kipande cha boksi kilikuwa kinaruka juu na kupotea, kinaruka na kupotea.

Boliti za bamba zililia moja baada ya nyingine. Mashine ilifikiri, ikatoa tiketi: kilo mia moja tisini na sita.

Yule mwanamume aliinua uso akaitazama taa, kama madereva wote wanavyoitazama. Hakuonekana kuomba kitu. Alikuwa anasubiri kuambiwa. Kidole cha mpima mizani kilikuwa juu ya swichi, na swichi ilikuwa na joto.

"Sheria ya uzito haihusu baiskeli," alisema kwa sauti, peke yake ndani ya kibanda.

Taa ikabaki kijani. Mwanamume akainamisha uso, akakanyaga. Bamba la mizani lina urefu wa mita kumi na nane, na kulimaliza kulimchukua muda ambao Kishada na Njiti walikuwa wameutumia kumaliza kona nzima. Baada yake walipita wengine tisini na kitu, wenye uzito wao wa kawaida.

Saa tisa redio ilitangaza kwamba Kishada ameshinda na watu wawili wanamshika mikono ya fulana. Mtangazaji alimsifu pia msaidizi wake mmoja, Njiti, aliyeonyesha miguu ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Namba mia moja sitini na nne haikutajwa kwa jema wala kwa baya. Mashabiki walikunja mahema. Kinyozi alirudisha ufunguo, akashukuru, akasema mwaka kesho watakuja mapema zaidi.

Mwanamke wa boksi alikuja mwisho, foleni ilipokwisha. Boksi lilikuwa limekunjika katikati.

"Sikuona kitu," alinong'ona. "Migongo ya watu tu. Lakini nimesikia kelele, dada, kelele kubwa, mara mbili. Walimtaja?"

Mpima mizani alipanga kalamu zake mezani. "Kelele zilikuwa nyingi."

"Alipita na kilo ngapi?"

Mezani kulikuwa na tiketi mbili. Ya kumi na mbili alikuwa ameiweka kando, aibandike ukutani mahali pa lile jibu la ofisi kuu. Ya mia moja tisini na sita ilikuwa chini ya kikombe cha chai iliyopoa. Tiketi za mizani haziandikwi jina. Mpima mizani alinyoosha mkono, akauona mkono ukienda, akampa mwanamke tiketi dirishani.

Mwanamke aliisoma kwa kidole. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, machozi yakimtoka.

"Kumi na mbili! Baba Pacha huyu huyu? Kumi na mbili?" Aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye kipochi pamoja na tiketi ya basi. "Nitawaambia watoto baba yao alikuwa anaruka. Mungu akuweke, dada yangu. Wengine wangesahau."

Alishuka mlima kwa miguu kuelekea kituo cha basi, na alipofika kona ya nane aligeuka akapunga mkono. Mpima mizani naye akapunga.

Saa kumi barabara ilifunguliwa. Lori la kwanza lilikuwa la saruji. Lilipanda kwenye bamba, likatulia, mashine ikatoa tiketi. Lilikuwa limezidi kilo sitini. Mpima mizani alibonyeza swichi, taa ikawa nyekundu.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Mama, jamani! Tangu asubuhi tumezuiwa huko chini. Kilo sitini tu? Huo si uzito wa mtu mmoja?"

Mpima mizani alisimama mlangoni mwa kibanda, chungwa mkononi, hajalimenya.

"Shusha," alisema.

Dereva akazima injini, akashuka, akafungua nyuma ya lori.